Jua Linawaka, Korongo Linajaa: Kumfundisha Mtoto wa Dodoma Hatari za Hali ya Hewa

Alasiri moja ya Januari nilisimama na watoto wanane kwenye ukingo wa korongo, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, tukisubiri maji yapungue. Jua lilikuwa linawaka na ardhi tuliyoikanyaga ilikuwa kavu. Nusu saa kabla ya hapo wenzao walikuwa wamevuka mahali hapohapo bila hata kulowesha soksi. Sasa mbele yetu yalipita maji ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi ya mgunga, ndala moja na povu zito. Mtoto wa darasa la tatu alinivuta mkono akauliza, "Mwalimu, mbona huku hakujanyesha?"

Swali hilo ndilo lililobeba somo zima. Darasani mtoto hujifunza kwamba wingu likiwa jeusi mvua hunyesha, na mvua ikizidi mafuriko hutokea. Kwa mtoto wa kanda ya kati mpangilio huo una pengo linaloweza kumgharimu maisha, kwa sababu anafundishwa kuiogopa mvua anayoiona, wakati kinachomjia mara nyingi ni maji ya mvua iliyonyesha kwa watu wengine. Mto Kinyasungwe, kwa mfano, hukusanya maji ya maeneo ya Dodoma na Mpwapwa na kuyapeleka chini hadi Kilosa, ambako mto huo hujulikana kama Mkondoa. Desemba 2009 na Januari 2010 maji ya bonde hilo yalivunja reli ya kati baina ya Gulwe na Kilosa na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Kilichotokea kwa kipimo kikubwa katika bonde lile hutokea kwa kipimo kidogo katika korongo ambalo mtoto hulivuka kila asubuhi akienda shule.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufafanua, na sisi watu wazima tulielewe kabla ya watoto, ni kwa nini nchi ya ukame ndiyo hiyohiyo nchi ya mafuriko ya ghafla. Sehemu kubwa ya Mkoa wa Dodoma hupata mvua ya kati ya milimita 500 na 700 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Mvua hiyo haiji kidogokidogo, bali huja kwa vishindo vichache vizito. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huiita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na hapa kwetu siku moja ya namna hiyo humwaga karibu sehemu ya kumi ya mvua ya mwaka mzima. Milimita 50 ni neno tu mpaka mtoto aligeuze kuwa ndoo: juu ya uwanja mmoja wa mpira wa miguu, mvua hiyo ni karibu ndoo 18,000 za lita 20. Mtoto anayejua uzito wa ndoo moja kichwani ataelewa bila kuongezewa neno.

Maji hayo huikuta ardhi ya namna gani? Huikuta ardhi iliyopigwa na jua kwa zaidi ya nusu mwaka, iliyoota gamba gumu, ambayo majani yake yameliwa na mifugo au yamechomwa moto. Matone mazito yanapoipiga ardhi tupu huvunja udongo wa juu kuwa vumbi laini, na vumbi hilo huziba vitundu ambavyo maji yangepitia kuzama. Yasipozama, hukimbia. Milima ya Kondoa ilikatwa makorongo ya kutisha kwa sababu hiyo, hata serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lililoharibika zaidi ili uoto upate kurudi, nao ulirudi. Mjini chanzo ni kingine ingawa matokeo ni yaleyale. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 katika sensa ya 2012 na watu 765,179 katika sensa ya 2022, na kila paa jipya la bati, kila ua uliomwagiwa zege na kila barabara ya lami huharakisha maji kuelekea kwenye mtaro na korongo lilelile la zamani. Wenyeji husimulia kwamba jina la Dodoma linatokana na neno la Kigogo, Idodomya, mahali tembo alipozama kwenye tope. Mimi huwasimulia watoto hadithi hiyo kila mwaka, kwa kuwa inawakumbusha kwamba hata babu zetu wa nchi hii kavu waliujua utelezi.

Maelezo haya yote yanaweza kuonyeshwa kwa mabeseni mawili. Beseni moja tulilijaza udongo mwekundu tukaushindilia na kuuacha juani siku tatu. La pili tulilipanga vipande vya udongo wenye majani, vilivyochimbwa pamoja na mizizi yake kando ya bomba la shule. Kila beseni tulilitoboa ubavuni na kuliinamisha juu ya tofali, kisha tukayamwagilia yote maji ya jagi moja moja kupitia kopo lililotobolewa kwa msumari. Katika beseni la udongo mtupu, maji yalitoka papo hapo, mekundu na kwa kasi, yakafurika kikombe kilichowekwa chini na kutapakaa sakafuni. Katika lile la pili tulisubiri mpaka watoto wa nyuma wakaanza kusukumana, ndipo tone la kwanza likatokea, nalo lilikuwa karibu jeupe. Msichana mmoja aliligusa lile gamba la udongo kwa kidole, akakuta chini yake bado ni pakavu, akasema, "Udongo umekataa maji." Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kulieleza jambo hili vizuri kuliko yeye.

Baada ya kuelewa maji yanatoka wapi, mtoto anahitaji kujua nguvu yake. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima; sentimita 30 zinatosha kuinua gari dogo; sentimita 60 husomba magari mengi. Sentimita 15 ni urefu wa rula ndogo inayokaa ndani ya mkebe, na mtoto akiisimamisha kando ya mguu wake ataona kwamba haifiki hata gotini. Hapo ndipo ile kauli ya "maji ni ya magotini tu, twendeni" inapopoteza nguvu. Aelezwe pia kwamba maji ya tope huficha kilicho chini yake. Katika makorongo mengi ya Dodoma malori huchota mchanga wa ujenzi na kuacha mashimo marefu, ambayo maji yakijaa hufanana na sehemu nyingine yoyote, na shimo hilo hubaki mtego hata siku kadhaa baada ya mkondo kukauka, watoto wanapokwenda kuogelea.

Dalili za maji yanayokuja zinafundishika, hasa kwa watoto wanaochunga mbuzi na wale wanaochota maji kwenye visima vya mchangani. Wingu zito juu ya milima ya upande yanakotoka maji ni dalili, hata kama utosini pako kuna jua. Mvumo unaofanana na lori linalopanda mlima, pahali pasipo na barabara, ni dalili. Vijimaji vyembamba vinavyoanza kuleta takataka na povu ni dalili ya mwisho, na mtoto akiiona hana muda wa kufuata kiatu wala ndoo. Hukimbilia ukingo ulio karibu zaidi, hata kama si ule wa upande wa nyumbani. Mbuzi waachwe. Sentensi hiyo fupi inabidi isemwe na baba mwenyewe mbele ya mtoto, kwa sababu mchungaji mdogo anayejua kwamba mbuzi mmoja akipotea ataulizwa usiku kucha atarudi korongoni kumfuata, na hakuna somo la darasani litakalomzuia.

Radi inahitaji uangalifu wa aina nyingine, kwa kuwa hapa mwalimu hushindana na maneno ambayo mtoto ameyasikia nyumbani tangu utotoni. Ameambiwa asivae nguo nyekundu, afunike kioo, asisimame chini ya mti, na pengine kwamba radi hutumwa na mtu. Si busara kuyatupa yote kwenye kapu moja, kwa sababu moja kati ya hayo ni kweli tupu. Radi ni umeme. Ndani ya wingu refu la mvua chembe za barafu husuguana na kugongana, chaji hutengana, na tofauti ikizidi sana umeme huruka, ama ndani ya wingu lenyewe ama kuja ardhini. Ukija ardhini hupendelea kitu kirefu kilichosimama peke yake. Mbuyu ulio katikati ya shamba la uwele ni kitu kirefu kilichosimama peke yake, na mtoto aliyesimama mahali patupu naye ni hivyohivyo. Rangi ya shati haiuhusu umeme hata kidogo, na kioo ukutani hakiuvuti.

Ng'ombe ndio mfano unaoeleweka zaidi vijijini. Radi ikipiga mti, umeme huingia ardhini na kusambaa kuelekea pande zote, ukipungua nguvu kadiri unavyokwenda mbali. Ng'ombe aliyesimama karibu ana miguu ya mbele na ya nyuma iliyoachana sana, kwa hiyo umeme hupanda kwa miguu ya upande ulio karibu na mti na kutokea kwa miguu ya upande wa mbali, ukipitia kifuani. Ndiyo maana mti mmoja ukipigwa hulala kundi zima, na watu wakadhani ni uchawi. Kwa maelezo hayohayo mtoto huelewa kwa nini, akikutwa mbugani pasipo na jengo, hatakiwi kulala chini wala kukumbatiana na wenzake. Huondoka kwenye mti, kwenye mifugo na kwenye mwinuko, hutengana na wenzake kwa hatua kadhaa, huchuchumaa akiwa amebana miguu pamoja, na radi ikitulia kidogo hukimbilia jengo. Kuchuchumaa hakumfanyi awe salama. Kunapunguza hatari tu, na aambiwe hivyo bila kufichwa.

Umbali wa radi hupimwa kwa kuhesabu. Mwanga hufika kwetu papo hapo, ilhali sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, yaani huchukua kama sekunde tatu kuikata kilomita moja. Darasa langu huhesabu "Dodoma moja, Dodoma mbili, Dodoma tatu" tangu mmweko hadi ngurumo, kwa sababu kutamka hivyo kwa mwendo wa kawaida huchukua karibu sekunde moja. Wakifika sita tu, radi iko kilomita mbili. Hesabu ikiwa chini ya 30, kila mtu anapaswa kuwa tayari ndani, na asitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kwa watoto wadogo wasiojua kuhesabu vizuri kanuni ni moja: ukisikia ngurumo, ingia ndani.

Ndani wapi? Swali hili ni zito kuliko linavyosikika. Januari 2025, wilayani Bukombe katika Mkoa wa Geita, wanafunzi saba wa shule moja ya sekondari waliuawa na radi wakiwa shuleni. Jengo kubwa lenye mtego wa radi uliofungwa vizuri na waya wake kufika ardhini huupa umeme njia ya kupita nje ya watu. Jengo lisilo nao bado ni afadhali kuliko uwanjani au chini ya mwembe, lakini watoto wakae mbali na kuta, madirisha, nyaya, soketi na bomba, na simu iliyo kwenye chaji isiguswe. Gari lililofungwa vioo ni salama kwa sababu umeme hupita kwenye bodi lake la chuma. Bajaji na bodaboda hazina kinga hiyo. Kamati ya shule inayochangisha fedha za rangi kabla ya mtego wa radi, kwa maoni yangu, imekosea mpangilio wa mahitaji.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mtoto wa Tanzania alijue. Mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Anaweza kuguswa mara moja, na wengi hufa kwa sababu moyo umesimama huku waliomzunguka wakiogopa kumshika. Mtoto hawezi kumkandamiza kifua mtu mzima ipasavyo, lakini anaweza kupiga kelele ya kuita watu, akawaambia kwamba kumshika hakuna madhara, na mwenye simu akapiga 112, au 114 ambayo ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kuhusu upepo nitasema kwa ufupi. Kisulisuli cha mchana wa Oktoba, kile kinachozungusha vumbi na mifuko uwanjani, si kimbunga. Vimbunga huzaliwa baharini, kama Hidaya kilichofika karibu na pwani yetu Mei 2024, na hupoteza nguvu vikiingia nchi kavu. Kinachoezua madarasa ya Dodoma ni upepo mkali unaotangulia mvua ya radi, na hatari yake ni bati linaloruka, kwa hiyo watoto huingia ndani na kukaa mbali na madirisha. Kwenye nyumba za tembe hatari ni nyingine: paa la udongo likinywa maji siku mbili tatu huwa zito mno kwa nguzo zake, na mtoto anayesikia miti ikilia juu yake usiku anapaswa kuwaamsha wakubwa bila kuogopa kukaripiwa. Wanaoishi chini ya miteremko mikali wana funzo la Hanang, ambako tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlimani hadi mji wa Kateshi na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80.

Joto husahaulika kwa kuwa halina kelele. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, jua la Dodoma hufika zaidi ya nyuzi 30 kivulini, na uwanja wa gwaride hauna kivuli. Mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima, naye akiwa mchezoni hasikii kiu mpaka amechelewa. Mkojo wenye rangi ya njano iliyokolea, kichwa kinachouma, kizunguzungu na kichefuchefu ni dalili za kumpeleka kivulini, kumpa maji kidogokidogo na kumpepea akiwa amelowanishwa. Akianza kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu apelekwe kituo cha afya bila kusubiri. Mazoezi ya mbio yanaweza kufanywa saa moja asubuhi. Hakuna sababu ya kuyafanya saa saba mchana.

Taarifa za tahadhari nazo zina lugha yake, na watoto huishika upesi kuliko wazazi wao. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia rangi tatu: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Rangi haisemi tu kwamba mvua itakuwa nyingi kiasi gani. Inaunganisha uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa madhara yake. Kwa hiyo siku ya njano inaweza kupita bila tone, na hilo si uongo wa wataalamu. Mtoto aelewe pia tofauti ya hali ya hewa, yaani ya leo na kesho, na tabianchi, yaani mwenendo wa miaka 30 au zaidi. Hewa kila inapoongezeka joto kwa nyuzi moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na ndiyo sababu dunia inayopata joto huwa na mvua zinazomwagika kwa nguvu zaidi, hata mahali ambapo miezi ya ukame inarefuka. Mafuriko yaliyoendelea nchini hadi Aprili 2024, ambayo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge jijini Dodoma kwamba yalikuwa yameua watu 155, yalikuja katika msimu wa El Niño, lakini si kila El Niño huleta mafuriko Dodoma, na mtoto asifundishwe kuitegemea kama kalenda.

Narudi pale ukingoni. Maji yalipoanza kupungua niliwauliza wale watoto kama wangevuka iwapo nisingekuwapo. Sita walisema ndiyo. Walijua kabisa kwamba ni hatari, na mmoja wao aliweza hata kunitajia ile rula ya sentimita 15. Sababu yao ilikuwa nyingine: asubuhi anayechelewa namba huchapwa, na jioni anayechelewa nyumbani huulizwa alikuwa wapi. Mtoto huyo amepima hatari mbili, akaichagua ile ambayo hajawahi kuiona ikitimia. Kumwongezea maarifa ya mafuriko hakubadilishi mizani hiyo. Kinachoibadilisha ni watu wazima kukubaliana, kabla ya mvua za kwanza, kwamba kuchelewa kwa sababu ya korongo si kosa.

Novemba iliyofuata tulilipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa wazazi. Mzee mmoja alihofia kwamba watoto watalitumia korongo kama kisingizio cha utoro, na hoja yake ilikuwa ya haki, kwa hiyo tulikubaliana kwamba anayezuiwa na maji asirudi kucheza mtaani, bali aende kwenye nyumba iliyochaguliwa. Nyumba mbili zilichaguliwa kila upande wa korongo, zote juu ya ukingo na zote zenye mtu mchana kutwa. Mama mmoja mwenye genge la mboga alisema, "Waje tu, mwalimu, hata wangu hukaa hapohapo." Majina ya nyumba hizo na namba za simu yaliandikwa kwenye karatasi, ikabandikwa nyuma ya mlango wa kila darasa. Chini yake mwalimu wa zamu aliongeza kwa kalamu nyekundu kwamba mwanafunzi aliyesubiri maji yapungue ataandikwa kwenye daftari la mahudhurio kuwa yupo.